Nani Ashike Wembe? Udhibiti wa Taaluma na Mipaka ya Utendaji katika Utunzaji wa Miguu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wawakilishi wa mabaraza ya taaluma za afya, walimu wa vyuo, madaktari, matabibu, wauguzi wenzangu na mafundi sanifu wa viungo bandia, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu.

Mada niliyopewa inahusu udhibiti wa taaluma na mipaka ya utendaji kwa watu wanaotunza miguu ya wagonjwa. Kwa lugha ya kila siku, swali lenyewe ni hili: nani ana haki ya kushika wembe na kuupeleka kwenye wayo wa mtu asiyesikia maumivu, aishie wapi, na akishafika mwisho wa uwezo wake amkabidhi nani na kwa muda gani? Nitatetea jambo moja. Mipaka ya kazi hii iandikwe kwa kufuata tendo, kina cha tendo hilo na hali ya mguu unaotendewa, na iandikwe kwenye leseni ya mtendaji mwenyewe, ili ujuzi wake usitegemee kumbukumbu ya mkuu wake wa kazi.

Tuanze na mguu wenyewe, kwa maana sheria yoyote isiyojua mguu unavyougua itakosea. Kisukari kilichokaa miaka mingi bila kudhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu, na mguu hupoteza hisia. Mtu hukanyaga msumari akaendelea kutembea nao ndani ya kiatu, huchovya miguu kwenye maji ya moto bila kujua kwamba anaungua, na madaktari wa Dar es Salaam wameandika hata habari za wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala. Mahali ambapo uzito wa mwili hukandamiza wayo, ngozi huota sugu, na sugu hiyo huendelea kukandamiza nyama iliyo chini yake hadi kidonda kinafunguka kwa ndani kabla ya kuonekana kwa nje. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba kati ya asilimia 19 na 34 ya watu wenye kisukari watapata kidonda cha mguu wakati fulani maishani mwao, na imejulikana kwa muda mrefu kwamba idadi kubwa ya miguu inayokatwa kwa sababu ya kisukari hutanguliwa na kidonda ambacho kingeweza kuzuiwa au kutibiwa mapema.

Kwa hiyo kuondoa sugu ni tiba. Lakini kwa macho ya mpita njia kazi hiyo haitofautiani na usafi wa kawaida wa mwili, na hapo ndipo ugumu wa kuidhibiti unapoanzia. Mjukuu humkata bibi yake kucha kwa wembe wa dukani. Kijana anayezunguka mitaani na kikapu cha rangi za kucha husugua visigino vya mteja asiyemjua. Muuguzi wa kliniki ya kisukari hukwangua sugu kwa kisu cha upasuaji, na daktari wa upasuaji hukata nyama iliyokufa hadi karibu na mfupa. Hawa wote wanafanya kitu kwenye wayo, na mstari unaowatenganisha hauonekani kwa mgonjwa mwenyewe.

Hapa kwetu hatuna baraza la taaluma ya miguu linalosimama peke yake. Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 na ina sheria ya 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wanataaluma wa afya shirikishi. Kenya ina Sheria ya Afya ya 2017 pamoja na mabaraza ya madaktari, wauguzi, matabibu na wanafiziotherapia. Kila baraza lina watu wake, nao mguu unapita katikati ya mabaraza yote. Muuguzi anaosha kidonda na kukifunga, tabibu anaandika dawa, daktari anapasua, mwanafiziotherapia anafundisha kutembea, na fundi sanifu wa viungo, ambaye huenda alisomea Moshi katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa 1981, anatengeneza kiatu cha kupunguza mgandamizo au mguu wa bandia baada ya ule wa asili kukatwa. Mpangilio huu si mbaya. Katika hospitali ambazo watu hawa wanazungumza, mgonjwa hupona. Tatizo ni kwamba hakuna tendo hata moja kati ya haya lililopewa mwenyewe kwa maandishi.

Tumekwisha kuona kwamba ujuzi unaweza kujengwa bila kungoja sheria. Mwaka 2004 ulianza mradi ulioitwa Step by Step, uliofanyika Tanzania na India, ambao ulifundisha daktari na muuguzi wake pamoja, wakiwa jozi kutoka kituo kimoja, na ukawapa vifaa vya msingi vya kusafishia vidonda ili wakirudi kazini wasikae na elimu mkononi bila chombo. Wazo la kufundisha jozi lilikuwa la busara kubwa, kwa sababu muuguzi aliyefunzwa peke yake hurudi kwa daktari asiyeelewa kwa nini anaomba kisu. Lakini mafunzo ya mradi hayabadilishi leseni. Muuguzi aliyepata ujuzi huo akihamishiwa wodi ya wazazi, atakayekaa kwenye kiti chake kliniki anaweza kuwa mtu asiyewahi kuondoa sugu, na mgonjwa hana namna ya kutambua tofauti kati ya wawili hao, kwani sare ni moja na cheo ni kimoja.

Nchi nyingine zimejaribu kuchora mstari huu kwa njia zinazotofautiana, na nadhani tunaweza kujifunza zaidi kutokana na mahali zilipokwama kuliko mahali zilipofaulu.

Uingereza ililinda jina. Sheria yake ya 1960 iliunda rejista ya serikali ya wataalamu wa miguu, lakini mtu aliyekuwa nje ya huduma ya afya ya umma aliweza kuendelea kujiita kiropodisti, yaani mtaalamu wa miguu, bila kusajiliwa, mradi tu asijiite aliyesajiliwa na serikali. Hali hiyo ilidumu miongo mingi, hadi rejista mpya ilipofunguliwa 2003 na majina mawili, kiropodisti na podiatristi (jina jipya la mtaalamu huyohuyo), yakawa mali ya waliosajiliwa peke yao. Leo anayeyatumia bila kuwemo kwenye rejista anatenda kosa la jinai. Hata hivyo, sheria hiyo haikufunga kazi yenyewe. Lipo kundi kubwa la watunza miguu wanaojiita kwa jina jingine, wasiosajiliwa na chombo chochote cha kisheria, ambao wanakata kucha na kukwangua sugu kihalali kabisa. Mzee mwenye kisukari anayemwita mtu nyumbani kwake analazimika kuzijua tofauti za majina ambazo hata wahudumu wengine wa afya hawazijui. Sisemi kwamba kulinda jina ni kazi bure, kwani bila jina lililolindwa hakuna anayeweza kuitazama rejista akapata jibu. Ninasema tu kwamba jina humlinda mgonjwa anayejua kusoma majina.

Texas, kule Marekani, iliifuata njia ya kiungo. Sheria ya jimbo iliwaruhusu podiatristi kutibu ugonjwa wowote wa mguu kwa mbinu yoyote, bila kueleza mguu unaanzia wapi. Mwaka 2001 bodi yao ilitunga kanuni iliyosema kwamba mguu unajumuisha mifupa ya goko pale inapokutana na mfupa wa kifundo, pamoja na tishu zilizo hapo. Chama cha madaktari wa mifupa cha Texas kikaenda mahakamani, na chama cha madaktari wa jimbo kikaingia katika kesi hiyo. Mwaka 2008 mahakama ya rufani iliitangaza kanuni hiyo kuwa batili, ikisema bodi haina mamlaka ya kupanua mipaka ambayo bunge halikuipanua. Fikirini idadi ya miaka ambayo wanataaluma wenye elimu ya juu, mawakili wao na majaji wao waliitumia kubishania sentimita chache za mwili. Kwa nani? Mgonjwa mwenye usaha uliopanda kutoka kidoleni hadi juu ya kifundo hana habari na mpaka huo, na ugonjwa wake hauusubiri. Ninachokichukua kutoka Texas ni onyo kwa watunga kanuni: mkiandika kiungo bila kuandika tendo, mmepanda kesi.

Njia ya tatu ndiyo iliyonivutia zaidi, nayo ni ya Ontario, Kanada. Sheria ya jimbo hilo ya 1991 inayosimamia taaluma zote za afya ilianza kwa kuorodhesha matendo ya hatari, kwa mfano kukata au kutoboa tishu iliyo chini ya ngozi, kuchoma sindano na kuandika dawa, halafu ikasema kwamba hakuna mtu atakayeyatenda isipokuwa taaluma yake imepewa ruhusa hiyo waziwazi. Sheria ya watunza miguu ya mwaka huohuo ikawapa kiropodisti ruhusa ya kukata tishu za chini ya ngozi ya mguu, na ikawapa podiatristi, ambao huko ni tabaka tofauti, ruhusa hiyo pamoja na kukata mifupa ya sehemu ya mbele ya mguu. Hapo mgonjwa, muuguzi na hakimu wote wanaweza kusoma sentensi moja wakaelewa ni nani anaruhusiwa kufika wapi.

Ontario nayo ilijifunga yenyewe. Iliamua kwamba baada ya tarehe 31 Julai 1993 haitaandikisha podiatristi wapya, na hivyo ikaliacha tabaka lenye mipaka mipana zaidi lizeeke na kupungua mwaka baada ya mwaka huku tabaka lenye mipaka myembamba likiongezeka. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mahitaji ya wagonjwa yalikuwa yanapanda wakati ngazi ya juu ya taaluma inafungwa.

Lakini katika ile sheria ya 1991 inayosimamia taaluma zote za afya kuna kifungu ambacho ningependa wanasheria wa wizara zetu wakisome mara mbili. Kukata kucha na kukwangua ngozi ya juu si miongoni mwa matendo yaliyofungwa, kwa hiyo yeyote anaweza kuyafanya. Hata hivyo kifungu cha 30 kinakataza mtu asiye mwanataaluma anayetenda ndani ya mipaka yake kutibu au kumshauri mtu kuhusu afya yake pale ambapo ni rahisi kutabiri kwamba madhara makubwa ya mwili yanaweza kutokea. Kwa kifungu hicho, tendo lilelile la kukwangua sugu linaweza kuwa huru kwenye kisigino cha msichana mwenye afya na likawa marufuku kwenye wayo wa mzee mwenye kisukari aliyepoteza hisia. Sheria imetambua kwamba hatari inakaa ndani ya mguu wenyewe, wala haikai ndani ya wembe peke yake.

Sasa nije kwenye pendekezo langu, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa sababu nitaingia kwenye mambo ya kliniki.

Muuguzi au tabibu aliyefunzwa utunzaji wa miguu na kupimwa ujuzi wake aruhusiwe, kwa maandishi, kupima hisia kwa uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, kupapasa mapigo ya mishipa miwili ya mguu, ule wa juu ya unyayo na ule wa nyuma ya kifundo, kumpanga mgonjwa katika daraja la hatari, na kumpangia tarehe ya kurudi kwa kufuata daraja hilo. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari imekwisha kutupatia daraja hizo: asiye na dalili yoyote hupimwa mara moja kwa mwaka, na aliyewahi kupata kidonda au kukatwa kidole, akiwa pia amepoteza hisia au ana mishipa iliyoziba, huonwa kila mwezi mmoja hadi mitatu. Aruhusiwe kukata kucha zilizokomaa na kuondoa sugu kwa kisu bila kutoa damu. Na pale ambapo mapigo yanasikika, kidonda ni cha juujuu na hakuna homa, aruhusiwe kuondoa tishu iliyokufa ndani ya kidonda hicho.

Mpaka uanzie hapohapo. Mapigo yasiposikika, kisu kiwekwe chini. Mguu usiopata damu ya kutosha hauwezi kuziba jeraha jipya, hata dogo, na kidole kilichokauka na kuwa cheusi hakiguswi kabla mishipa haijachunguzwa. Kifaa cha kupimia kina cha kidonda kikigonga mfupa, kazi ya ngazi hiyo imekwisha. Mishipa ya kano, viungo na mifupa ni ya daktari wa upasuaji. Sindano ya ganzi mguuni iwe ruhusa ya peke yake, yenye mafunzo yake na mtihani wake, na isichukuliwe kwamba imeingia humo kwa sababu tu muuguzi anajua kuchoma sindano nyingine.

Mtaona kwamba nimetaja mapigo, homa na mfupa mara nyingi kuliko nilivyotaja vyeo. Nimefanya hivyo makusudi. Kanuni inayosema muuguzi atafanya usafi wa vidonda vidogo haimsaidii mtu, kwa maana kila mmoja ana kipimo chake cha udogo. Kanuni inayosema asitumie kisu pale mapigo yasiposikika inaweza kufuatwa usiku wa manane katika kituo cha afya kisicho na daktari, na inaweza kukaguliwa kesho yake kwenye jalada la mgonjwa.

Tena mpaka usio na muda ni nusu ya mpaka. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 unataka mgonjwa wa kisukari mwenye tatizo jipya la mguu apelekwe kwa timu ya miguu ndani ya siku moja ya kazi, na mwenye kidonda pamoja na homa, au mguu unaooza, apelekwe hospitali mara moja. Sisi tunaandika rufaa kwa kalamu nzuri, halafu mgonjwa anarudi nyumbani kutafuta nauli. Nataka kanuni zetu zimpe anayetoa rufaa wajibu wa kupiga simu na kuandika jina la aliyepokea, na zimpe anayepokea wajibu wa kumwona mgonjwa huyo bila kumtaka akapange foleni upya. Kumzuia muuguzi asivuke mstari bila kuhakikisha kwamba upande wa pili kuna mtu anayengoja ni kumwacha mgonjwa peke yake mpakani.

Kuna hali moja inayoonyesha vizuri kwa nini utambuzi nao lazima uingie kwenye mipaka, pamoja na matendo ya mikono. Ni mguu wa Charcot. Mguu usio na hisia huvimba, ukawa mwekundu na wa moto, bila kidonda na mara nyingi bila maumivu makubwa, huku mifupa ikivunjika na kusambaratika kwa ndani. Mgonjwa wa namna hii hupewa dawa za usaha, huambiwa amekanyaga kitu kibaya, au hupelekwa kwa mganga wa kienyeji, na wakati wote huo anaendelea kuukanyaga mguu huo hadi wayo unageuka umbo. Tiba yake ya kwanza ni kuuzuia usikanyagwe, kwa kawaida kwa plasta maalumu ngumu inayofunga mguu. Mtendaji wa ngazi ya kwanza hahitaji ruhusa ya kutibu Charcot, ila anahitaji mamlaka ya kumsimamisha mgonjwa huyo asitembee na kumpeleka mbele siku hiyohiyo, hata kama cheti cha nyuma kimeandikwa maambukizi na mtu aliyemzidi cheo.

Nimeulizwa na wenzangu kuhusu vijana wa mitaani na saluni. Siamini katika kuwakamata. Wanafanya kazi halali, wanatafuta riziki, na wateja wao wengi wana miguu salama. Halmashauri ndizo zinazotoa leseni za biashara kwa saluni, na zinaweza kuweka masharti mawili mepesi: kumwuliza kila mteja kama ana kisukari au ganzi miguuni, na kutotumia wembe kwenye miguu ya anayejibu ndiyo. Kijana mwenye kikapu anaweza kufundishwa hayo mchana mmoja, na huenda akawa wa kwanza kumwambia mama fulani kwamba ana kidonda chini ya kidole ambacho mwenyewe hakijui.

Wapo pia madaktari wanaohofia kwamba kumpa muuguzi kisu kwa maandishi kutamfanya ajione daktari. Ninaiheshimu hofu hiyo kwa sababu inatokana na miguu waliyoipokea ikiwa imechelewa. Lakini kisu kiko mikononi mwa muuguzi tangu zamani. Bila maandishi hakuna anayempima kabla hajakishika, na mambo yakiharibika analaumiwa peke yake kwa kazi ambayo kila mtu katika idara alijua kwamba anaifanya.

Linabaki suala la walimu, na hili ni gumu kuliko sheria. Afrika Kusini inawasajili podiatristi chini ya baraza lake la taaluma za afya na inawafundisha kwa shahada katika Chuo Kikuu cha Johannesburg. Tunaweza kupeleka wachache huko warudi kuwa wakufunzi, huku sisi tukiendelea na wauguzi na matabibu tulio nao, kwa kuwa kungoja shahada yetu wenyewe ndipo tuanze ni kuwaambia wagonjwa wa leo wasubiri kizazi kijacho. Hatua ya kwanza haihitaji bunge. Baraza linalotoa leseni ya uuguzi linaweza kuongeza alama kwenye rejista yake, inayoonyesha kwamba mwenye leseni hii amefuzu utunzaji wa miguu ya hatari, amepimwa kwa vitendo, na atapimwa tena baada ya muda uliowekwa. Alama hiyo ionekane kwa umma, ili ndugu wa mgonjwa aweze kuuliza na kujibiwa.

Kwa wale wanaofanya kazi hii tayari bila cheti, Uingereza iliwapa watu wa namna hiyo kipindi cha mpito cha miaka miwili, kuanzia 2003 hadi 2005, wathibitishe uzoefu na usalama wao ndipo waingie kwenye rejista. Napendekeza nasi tufanye hivyo, kwa sharti kwamba ushahidi uwe majalada ya wagonjwa na mtihani mbele ya macho ya mkufunzi, wala barua ya mkuu wa kituo isitoshe. Nawaomba wauguzi mlio kwenye kliniki za kisukari muanze wiki hii kuandika kwenye jalada la kila mgonjwa mlichofanya kwenye mguu wake, mapigo mliyoyapata, na jina la mliyemkabidhi, kwa sababu siku baraza litakapokaa kuandika kanuni hizo litauliza kazi hii inafanywaje sasa, na majibu yanapaswa kutoka kwenye majalada hayo.